"Mwalimu wetu hafanyi hivyo": kuongea na watoto wadogo ukiwa umeshikia darasa la mwenzio

Ukiingia kumshikia mwenzio darasa, hasa la watoto wa awali mpaka la pili, dakika tano hazipiti utasikia hii: "Ticha, mwalimu wetu hafanyi hivyo." Umeita majina umesimama, kumbe yule huwa anakaa. Umegawa kreyoni kuanzia mstari wa mbele, kumbe wiki hii ni zamu ya nyuma. Na kama asubuhi yako imeanza vibaya utajibu kama nilivyowahi kujibu mimi, "mwalimu wenu hayupo, leo niko mimi," halafu unabaki unashangaa mbona darasa limechafuka na saa nne haijafika.

Watu wengi wanaona hicho ni kiburi. Kwa mtoto wa miaka 5 au 6 mara nyingi hicho ni kiulizo kimevaa nguo za mashtaka, anachotaka kujua ni mwalimu wangu yuko wapi, atarudi, na zile sheria zetu bado zipo au zimeondoka naye. Sasa ukimjibu kwa kuonyesha nani bosi, umejibu swali ambalo hajauliza. Jibu linalotuliza ni fupi tu: "Asante kwa kuniambia. Mwalimu wenu leo yuko kwenye semina, atarudi. Leo tunagawa hivi, kesho mtaendelea na yenu." Hapo umemsikiliza, umemwambia ukweli, na bado kreyoni zinagawiwa ulivyosema. Ila kama hujui anarudi lini usiseme "kesho" ili wanyamaze, kesho ikifika hayupo na wewe ndo umerudi utakuwa umeshaharibu.

Mimi niko kwenye kitengo cha mafunzo ya walimu walioko kazini, na kabla ya hapo nimeshikia madarasa ya watu miaka kadhaa, kwa hiyo mengi nayosema hapa niliyakosea kwanza. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwalimu mbadala jembe anapewa mlangoni siku ile ile, hana muda wa kuzoewa, na hiyo ndo shida yenyewe, kwa sababu mwalimu wa darasa akikunja uso tu watoto wanajua maana yake, wamemsoma miezi, wewe uso wako hawajausoma bado. Unabaki na maneno yako na kama yanatimia.

Kuna mtoto mmoja wa awali mpaka leo nikimkumbuka najisikia aibu kidogo. Aliingia na begi mgongoni, akakaa nalo. Nikamwambia vua begi uweke pale. Hakuvua. Nikasema tena, sauti imepanda. Mara ya tatu nimeshapanda kabisa na darasa zima limegeuka kutuangalia, yeye kashika mikanda ya begi kwa mikono miwili vidole vimekakamaa. Binti aliyekaa pembeni yake ndo akaniambia taratibu, kama ananionea huruma, "anamsubiri mwalimu wake, akija ndo atavua." Basi nilichoka. Nikachuchumaa nikamwambia okei, begi kaa nalo, ila kitini unakaa kama wenzio na penseli unashika. Akakaa, akashika penseli. Ikafika mapumziko begi likawa liko chini, sijui hata alilivua saa ngapi.

Nilichojifunza pale ni kuchagua. Kwa siku moja huwezi kusimamia sheria ishirini, na watoto hawawezi kukushika wewe na sheria zako ishirini. Mi huwa nachukua tatu: hakuna kuumiza mtu, hakuna kutoka nje bila mimi kujua, na nikipiga makofi mawili tunasikilizana. Hizo tatu sibembelezi wala sijadiliani. Mengine yote, begi, nani kakaa na nani, rangi ya jua kwenye mchoro, yaache yapite. Mwalimu mbadala anayebanana na watoto kwa kila kitu, ikija ile ya kweli (mtoto kashika mkasi anakimbia nao) sauti yake wameshaizoea, ni kelele tu kama feni.

Sasa tuje kwenye namna ya kuagiza, hapa ndo penye kazi. Sikiliza tunavyoongea: "Mnakaa au hamkai?" "Unasikia au husikii?" "Unataka nikufanyeje?" Hayo yote ni maswali, na mtoto mdogo swali analijibu, ukimuuliza unakaa hukai akakwambia "sikai" hajakosa adabu, kakujibu. Kama hutaki jibu usiulize. Halafu kuna yale maagizo hewa, "tulia", "kaa vizuri", "acha ujinga". Kukaa vizuri ndo kukaaje? Mtu mzima anajua, mtoto wa miaka 5 anajiona tayari kakaa vizuri maana hajaanguka. Mwambie kitu anachoweza kukifanya na mwili wake: miguu chini, mikono juu ya meza, macho huku. Na kimoja kimoja. Ukisema "funga daftari weka kwenye begi chukua chupa ya maji ujipange mlangoni" utakuta nusu wako mlangoni na madaftari, wamebeba la kwanza na la mwisho, ya katikati yamedondoka njiani.

Na hizi "usi" zetu. Usikimbie, usisukume, usiguse. Ile "usi" ni kitu chepesi tu pale mbele, kinachobaki sikioni ni kukimbia na kusukuma. Kuna mwanasaikolojia wa Urusi, Alexander Luria, katikati ya karne iliyopita alikuwa anawapa watoto wadogo kampira ka kubinya, taa ikiwaka rangi moja binya, ikiwaka rangi nyingine usibinye. Watoto wa kama miaka mitatu maelekezo waliyaelewa, lakini taa ya kutobinya ikiwaka mkono nao ulikuwa unabinya. Kujizuia kunakomaa taratibu sana, sehemu ya ubongo inayofanya hiyo kazi inaendelea kukua mpaka mtu anapita miaka 20, kwa hiyo usitegemee wa miaka 5 awe nayo kamili kwa sababu wewe umechoka. Badala ya usikimbie sema tembea. Badala ya usipige kelele, "ongea kwa sauti ya mtu wa karibu." Najua ukiwa na haraka "usi" ndo inatangulia kutoka, hata mimi, si vibaya, toa hiyo kisha ongeza mara moja cha kufanya.

Ukishasema, nyamaza. Hili ni gumu kuliko yote. Mtafiti Mary Budd Rowe wa Marekani alipima miaka ya 1970 muda ambao walimu wanasubiri baada ya kuuliza swali, akakuta wengi ni kama sekunde 1 tu, na walipojizoeza kusubiri sekunde 3 au zaidi majibu ya watoto yakawa marefu na wale wakimya nao wakaanza kuongea. Yeye alikuwa anapima maswali ya somo, ila mi nimeona kwenye maagizo ni vile vile. Mtoto anakuwa ndo kwanza anageuza mwili aende kukaa, wewe umeshasema mara ya pili kwa ukali, anasimama tena kukusikiliza, unaona kagoma.

Sauti nayo. Mgeni anadhani akiingia mkali mkali mapema watamheshimu. Mwaka 1958 Jacob Kounin na Paul Gump wa huko huko Marekani waliandika kuhusu madarasa ya chekechea, walikuwa hawamwangalii sana yule mtoto aliyekemewa, walikuwa wanawaangalia wale wanaotazama. (Kounin mwenyewe wazo lilimjia baada ya kumkemea mwanafunzi wa chuo aliyekuwa anasoma gazeti darasani kwake, akaona wasiohusika kabisa wamekaa sawa.) Walichokuta ni kwamba mwalimu akikemea kwa kueleza wazi, nani, kafanya nini, afanye nini badala yake, wanaotazama wanafuata. Akikemea kwa ukali na hasira, wanaotazama hawawi na adabu zaidi, wanahangaika tu, wanaogopa, wanashindwa kuendelea na walichokuwa wanafanya. Na hilo wimbi la kuwafikia wengine lilikuwa na nguvu zaidi siku ya kwanza ya shule. Sasa wewe unayeshikia, kila siku yako ni siku ya kwanza, ukimkaripia mmoja umeongea na thelathini.

Kwa hiyo sogea. Usirushe maneno kutoka ubaoni mpaka dirishani. Nenda, chuchumaa uwe sawa na macho yake, taja jina lake kwanza (asubuhi bandika majina vifuani kwa karatasi na gundi, dakika kumi hizo hutazijutia), kisha, tuseme anarusha vitalu vya kuchezea, sema kwa sauti ya chini: "Vitalu ni vya kujengea. Ukirusha tena navihifadhi mpaka baada ya uji." Akirusha tena, vihifadhi. Usitoe hotuba, usiseme "si nilikwambia", chukua vitalu na uso wako wa kawaida, na akilia mwache alie ukiwa karibu, mwambie najua umekasirika, baada ya uji utavipata. Baada ya uji vipe kweli. Huo mzunguko mmoja ukitimia darasa zima limeshakusoma, na wema wako wameuona kwenye kurudisha.

Kuna tishio moja wanaoshikia madarasa wanalipenda sana na mi naomba tuliache: "Ngoja mwalimu wenu arudi, namwambia." Angalia linafanya nini. Kwanza umekiri kuwa wewe huwezi. Pili yule mwalimu wanayemkumbuka tangu asubuhi, wanayemsubiri na mabegi mgongoni, umemgeuza zimwi, mtoto analala akiwaza kurudi kwake. Tatu, kosa la saa tatu asubuhi adhabu yake iko kesho kutwa, mtoto wa umri huo haunganishi kabisa. Ya leo iishe leo, na wewe. Na ndugu yake tishio ni hongo ya pipi, ukianza nayo saa mbili mpaka saa tano umefilisika.

Wapo watakaokujaribu kwa kurudia. "Ticha naomba nitoke." Umetoka sasa hivi. "Ticha naomba nitoke." Ila hakikisha kwanza si haja ya kweli, ikiwa ya kweli mruhusu tu, afadhali udanganywe mara mbili kuliko mtoto ajikojolee mbele ya wenzie siku ambayo mtu wake hayupo. Kama ni mchezo, jibu kwa maneno yale yale na sauti ile ile, "tunatoka wote kengele ikilia." Mara ya tano iwe kama ya kwanza. Akiona sauti inapanda anajua ukuta una ufa, anaendelea kusukuma.

Na akigoma kabisa, kajificha chini ya meza? Usimvute mkono. Hapo hujui historia yake, hujui nini kimetokea nyumbani, na kumshika mtoto kwa nguvu ni jambo ambalo hupaswi kulifanya isipokuwa anakaribia kuumia au kuumiza. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 kifungu cha 28 unataka nidhamu ya shule ilinde utu wa mtoto, na chini ya meza utu wake upo. Mwambie, "Nakuona. Hapo ni salama, kaa kidogo. Ukiwa tayari, utakaa kwenye kiti chako au kwenye mkeka?" Vyote viwili wewe umeridhia, yeye anachagua. Halafu endelea na darasa, muda huo huo mtume mtu akamwite mwalimu anayemfahamu. Wengi wanatoka wenyewe wakisikia hadithi imeanza.

Kabla hujaondoka mwandikie mwenye darasa karatasi, isiwe orodha ya watundu. Andika kilichofanyika, kilichobaki, nani alilia na alitulizwa na nini, na nani alisaidia. Kisha isome kwa sauti mbele yao, zile sehemu za nani alisaidia, ukitaja majina. Nilipofanya hivyo siku ile ya begi, yule kijana aliinua mkono akasema, "ticha, andika na mimi, andika nilivua."