Je, wajua kwa nini mshale wa presha ya oili hushuka gari likipanda mlima wa Kadutu, hapa Bukavu?

Swali hili niliwahi kulijibu kwa lita mbili za oili. Gari lilikuwa la mjomba, la Kijapani, la mazutu, lenye umri unaokaribia wangu. Kutoka Nyawera mshale wa presha ulikuwa umetulia katikati ya geji. Tukianza kupanda kuelekea Kadutu unainama taratibu, taratibu, mpaka karibu na chini kabisa. Tukifika pa tambarare unainuka kwa uvivu uleule. Nikaona hesabu nyepesi: mlimani oili inakimbilia nyuma ya karteri, lile bakuli la chini ya moteri, na inayobaki mbele haitoshi. Nikanunua lita moja kando ya barabara, nikamimina. Kesho yake mshale ukainama palepale. Nikamimina ya pili.

Fundi alipochomoa kijiti cha kupimia, oili ilikuwa imepita alama ya juu kwa upana wa vidole viwili.

"Kijana, nani alikuambia huu mshale unahesabu lita?"

"Hakuna, Mzee."

Kweli hakuna aliyeniambia, ila nadhani lugha ilinisaidia kukosea. Mafuta ni ya kupikia, mafuta ni ya kujipaka, mafuta ni ya tangi, na mafuta ni ya moteri pia. Kwenye dashibodi geji ya mafuta ya tangi imekaa jirani na geji ya mafuta ya moteri, zote zina mshale, zote zina rangi nyekundu upande wa chini. Ya kwanza inasema kimebaki kiasi gani. Jicho linachukua maana hiyo na kumpa jirani yake bila kuuliza. Nimewauliza madereva kadhaa tangu siku ile, na zaidi ya mmoja alinijibu kwa uhakika kabisa kwamba mshale ukiwa katikati, oili iko nusu.

Haiko hivyo. Pampu ya oili ni meno yanayozunguka na kusukuma mbele kipimo kilekile kila mzunguko. Ingekuwa inamwaga oili hiyo hewani, presha ingekuwa karibu na sifuri hata karteri ikiwa imejaa. Presha inazaliwa mbele ya pampu, pale oili inapolazimishwa kupita kwenye nafasi nyembamba sana kati ya shafti kuu na beringi zake. Njia ikibana, presha inapanda. Njia ikipanuka kwa sababu beringi zimelika, au oili ikiwa nyepesi kwa joto, presha inashuka. Kwa hiyo gari lenye oili kwenye alama ya juu na gari lenye oili kwenye alama ya chini yanaweza kuonyesha presha ileile. Wingi unaanza kuhusika pale tu mdomo wa bomba la kunyonya unapobaki wazi na pampu ikaanza kumeza hewa.

Na kuzidisha kuna ubaya wake. Oili ikipanda mno, shafti inaanza kuipiga kama mtu anayepiga mayai, nayo inatoa povu. Povu lina hewa, hewa inabanwa, na presha inayumba. Yaani dawa yangu ingeweza kuleta ugonjwa niliodhani nautibu. Ni lita ngapi za ziada zinazofikisha moteri huko inategemea kina cha karteri. Kwenye gari la mjomba fundi hakukuta povu, lakini alifungua nati ya chini na kupunguza kabla ya kufanya jambo lingine lolote.

Joto nalo lina haki yake. Oili ya 15W-40, inayouzwa kila kona ya Bukavu, kwenye nyuzi 100 ina unato wa karibu sehemu moja ya saba ya ule iliyo nao kwenye nyuzi 40. Ndiyo maana vitabu vya ufundi vya Toyota, kwa moteri nyingi za miaka ya 1980 na 1990, vinaridhika na kilo 0.3 tu kwa sentimita ya mraba moteri iliyochemka ikinguruma bila kukanyagwa, kisha vinadai kati ya 2.5 na 5 kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika. Mshale uliolala chini kwenye foleni ya magari na kuamka barabara ikifunguka unafanya kazi yake.

Lakini wa mjomba ulikuwa unalala moteri ikikanyagwa, wakati presha inapaswa kupanda. Hapo ndipo inabidi kujua mshale unapata wapi habari zake, na jibu ni la ajabu kuliko nilivyotegemea. Katika Land Cruiser nyingi za zamani na ndugu zake, geji ya presha ya oili ni kipimo cha joto.

Ubavuni mwa moteri kuna kidude chenye umbo la kikombe, mafundi wa hapa wanakiita sondi. Ndani yake kuna ngozi ya chuma inayosukumwa na oili, na juu ya ngozi hiyo kuna ncha ya kugusisha umeme. Inayoguswa ni utepe wa metali mbili zilizobanwa pamoja na kuzungushiwa waya wa kupasha moto. Metali moja hutanuka zaidi ya nyingine, hivyo utepe ukipata joto unajikunja. Oili ikisukuma, ncha inagusa utepe, umeme unapita, utepe unapata joto, unajikunja na kuachana na ncha. Umeme unakatika, utepe unapoa, unarudi, unagusa tena. Hivyo hivyo bila kuchoka.

Fikiria mama anapika maharage kwenye mbabula, lile jiko la makaa la kubeba. Juu ya kifuniko ameweka jiwe. Kifuniko kikiruka, anaitoa mbabula nje. Maharage yakitulia, anairudisha jikoni. Jiwe likiwa jepesi, kifuniko kinaruka mapema na mbabula haikai jikoni muda mrefu. Jiwe likiwa zito, mvuke unahitaji moto mwingi zaidi kulinyanyua, na mbabula inakaa ndani zaidi. Sasa chumba cha pili kuna mtoto ameegemea ukuta wa jikoni. Halioni jiwe, haisikii sufuria. Anachojua ni kwamba ukuta una moto au umepoa. Kwa joto la ukuta peke yake anatangaza uzito wa jiwe.

Jiwe ni presha ya oili. Mtoto ni mshale: nyuma ya geji kuna utepe mwingine wa metali mbili, unaopashwa na umeme uleule unaokatika na kurudi, na kujikunja kwake ndiko kunakousukuma mshale. Umeme ukipita muda mwingi kuliko unavyokatika, utepe wa geji unapata joto na mshale unapanda. Ndiyo maana mshale wa magari hayo hupanda kwa uvivu ukiwasha moteri asubuhi. Oili imeshafika zamani. Ukuta ndio bado unapata moto.

Sasa mtu mwingine asimame mlangoni, kila mama akirudisha mbabula yeye anaitoa nje kwa muda. Jiwe halijabadilika, lakini ukuta unapoa, na mtoto anatangaza kwa sauti ya uhakika kwamba jiwe limekuwa jepesi. Mtu huyo wa mlangoni ni waya uliokatika nusu. Waya wa namna hiyo kwenye geji ya aina nyingine ungeufanya mshale uruke-ruke, na yeyote angeshuku umeme. Kwenye geji hii mshale unainama kwa upole, kwa heshima, sawasawa na presha inayoshuka kweli. Nakiri kwamba nikielewa jambo hili nilisahau kidogo kwamba gari lilikuwa bovu.

Kwa sababu hiyo kanuni ninayoisikia mara nyingi, kwamba mshale ukishuka ghafla ni umeme na ukishuka polepole ni oili, haifai kwa kila gari. Inasaidia kwenye geji zenye sumaku, zinazojibu haraka. Kwenye hizi za joto kila kitu kinashuka polepole.

Fundi alifanya jambo moja ambalo mimi, na lita zangu mbili, sikuwa nimelifikiria. Aliondoa mlima. Alilisimamisha gari katika uwanja wa garaji, mahali pa tambarare ambapo oili haina pa kukimbilia, akaniambia nikanyage breki kwa nguvu, nitie gia ya kwanza, niachie klachi kidogo huku nikikanyaga mafuta. Gari halikusogea. Moteri ndiyo iliyoinama upande mmoja juu ya raba zake, kama mbebaji anayeinua gunia, na baada ya sekunde chache mshale ukaanza kushuka.

Akauchomoa waya wa sondi, akachukua taa ndogo ya wati chache, mguu mmoja kwenye bateri, mwingine kwenye sondi. Moteri imezimwa, taa imekufa. Moteri ikawashwa, taa ikaanza kukonyeza. Ikikanyagwa, ukonyezaji unabadilika. Sondi ilikuwa nzima. Kisha akaushika ule waya na kuukunja kati ya vidole karibu na kichwa cha waya huo. Ganda la nje lilikuwa zima, gumu kama ukoko wa mkate kwa joto la miaka. Alipolichana kwa wembe, ndani kulikuwa na nyuzi tatu au nne za shaba zinazogusana, nyingine zote zimekatika. Moteri ikiinama, nyuzi hizo zinavutwa na kuachana, zinagusana, zinaachana.

Kipimo hiki hufanywa kwa taa kama ile, si kwa kipande cha waya mtupu. Wapo wanaougusisha waya wa sondi moja kwa moja kwenye chuma cha moteri ili kuona kama mshale utapanda. Kwenye geji ya joto hilo linaweza kuuchoma utepe usipowahi kuachia. Na kabla ya kulaumu umeme, kijiti kinachomolewa kwanza, na sikio linategwa. Mshale ukishuka pamoja na taa nyekundu kuwaka au moteri kugonga tok-tok, basi mashahidi ni wawili, na moteri huzimwa papo hapo. Ikibaki shaka, sondi inafunguliwa na mahali pake panafungwa manometa yenye bomba, inayosukumwa na oili yenyewe bila waya.

Hata maana ya waya uliokatika haifanani kila gari. Geji nyingi za Ulaya hutumia sondi yenye ukinzani wa omu 10 presha ikiwa sifuri na karibu 180 ikiwa juu. Waya ukikatika, mshale unapanda mpaka mwisho. Za Kimarekani mara nyingi zimegeuzwa, 240 chini na 33 juu. Waya ukikatika, mshale unaanguka. Ukifunga sondi ya ukoo huu kwenye geji ya ukoo ule, moteri nzuri itaonekana inakufa kila unapokanyaga.

Na zipo geji zilizoacha kupima kabisa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 Ford waliweka kwenye baadhi ya magari yao swichi ya kawaida pamoja na ukinzani usiobadilika: presha ikizidi kiasi kidogo, mshale unakaa karibu na katikati na haubanduki. Mazda walifanya kitu cha aina hiyo kwenye MX-5 katikati ya miaka ya 1990. Mshale unaopanda na kushuka, hata kwa haki, unamtia dereva hofu. Mshale usiosema kitu haumpeleki mtu garaji.

Waya wa mjomba ulikatwa, ukaungwa kipande kirefu zaidi chenye nafasi ya kuyumba na moteri. Oili iliyomwagwa mjomba aliiweka kwenye bidoni na anaitumia kwenye bawaba za geti. Sasa tukipanda Kadutu mshale unasimama imara. Unashuka tukifika juu, moteri imechemka na tumekwama nyuma ya gari lingine, na hapo ni presha yenyewe inayoshuka.