CD4 zikipanda, VVU havijaisha
Mwenye VVU akiona CD4 zake zimefika 700, huenda akadhani kinga imeshinda na dawa za kufubaza virusi (ARV) ziachwe. Sivyo. CD4 ni aina ya chembe za kinga, na namba hiyo ni hesabu yake katika mikrolita moja ya damu (kwa kawaida 500 hadi 1,500). Virusi vina kipimo chake, cha wingi wa VVU.

Tena CD4 si muuaji. Kazi yake hasa ni kupiga mbiu: huziamsha chembe za CD8, aina nyingine ya chembe za kinga, na hizo ndizo hutoboa seli iliyoambukizwa na kuifanya ijiue. CD8 hushusha virusi wiki chache baada ya maambukizi, ila kuvimaliza haziwezi. Virusi hubadilika, nazo CD8 huchoka. Vingine hulala kimya ndani ya CD4 zenyewe, visionwe na CD8 wala kuguswa na ARV. Dawa zikiachwa, kwa wengi virusi hivyo huibuka ndani ya wiki chache.

Utafiti wa SMART ulijaribu kusimamisha dawa CD4 zikizidi 350 na kuzirudisha zikishuka chini ya 250. Usajili wa washiriki ulisitishwa Januari 2006: waliosimamishiwa dawa waliugua na kufa zaidi.