Parkinson: dawa hukwama kwenye kipimo

Mgonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoharibu mwendo wa mwili, anakaa kitini. Anaambiwa agonganishe kidole cha shahada na gumba mara 10, haraka na kwa upana kadiri awezavyo. Akisita mara moja au mbili, au vidole vikaanza kufunguka kidogo karibu na mwisho, daktari anaandika alama 1. Akisita mara 3 hadi 5, alama 2. Zaidi ya hapo, au mkono ukiganda kwa muda, alama 3. Asipoweza kabisa, au akiweza kwa shida tupu, alama 4. Kisha mkono wa pili, miguu, shingo, sauti, uso, anavyoinuka, anavyotembea. Hiyo ndiyo sehemu ya tatu ya kipimo kiitwacho MDS-UPDRS. Jumla yake ya juu ni 132, na kadiri alama zinavyopanda ndivyo hali inavyokuwa mbaya.

Dawa nyingi zilizotarajiwa kuzuia Parkinson isisonge mbele zimehukumiwa kwa kipimo hiki au kile kilichokitangulia. Watu wakisikia dawa imeshindwa, hudhani wataalamu hawaujui ugonjwa. Mengi yanajulikana. Kinachosumbua zaidi, kwa maoni yangu, ni kujua kama dawa imefanya kazi au haikufanya.

Chukua levodopa, dawa kuu ya ugonjwa huu. Mwaka 1960, kule Vienna, watafiti Ehringer na Hornykiewicz waligundua kwamba ubongo wa waliokufa na Parkinson ulikuwa na dopamini, kemikali inayosaidia kuongoza mwendo, kidogo mno. Mwishoni mwa miaka ya 1960 daktari Cotzias, nchini Marekani, alionyesha kwamba levodopa, ambayo mwilini hugeuka dopamini, ikimezwa kwa dozi kubwa inayopandishwa taratibu inamrudishia mgonjwa mwendo. (Mbegu za upupu, huu huu unaowasha, zina levodopa pia. Ila kiasi hutofautiana mbegu kwa mbegu, na hakuna kabidopa ndani yake ya kuizuia isigeuke dopamini kabla ya kufika kwenye ubongo. Ndiyo maana kichefuchefu huja haraka.) Levodopa inaziba pengo la dopamini, lakini haizuii seli kufa. Na mtu anapoanza kutetemeka, sehemu kubwa ya seli zinazotengeneza dopamini huwa imeshakwenda.

Sasa unatenganishaje dawa inayoficha dalili na dawa inayopunguza mwendo wa ugonjwa? Zote mbili zitashusha alama za vidole. Jaribio la ELLDOPA, lililochapishwa 2004, lilifanywa kwa wagonjwa 361 ambao walikuwa hawajaanza dawa. Walimeza levodopa miligramu 150, 300 au 600 kwa siku, au vidonge visivyo na dawa, kwa wiki 40. Kisha wakaachishwa kwa wiki 2 na kupimwa tena. Waliotumia levodopa walikuwa na hali nzuri kuliko wenzao, kana kwamba dawa imelinda ubongo. Picha za ubongo zikasema kinyume: ishara ya seli za dopamini ilipungua zaidi kwao. Huenda wiki 2 hazikutosha dawa kuisha makali, na huenda levodopa yenyewe inaathiri kile kinachopigwa picha.

Wakabuni mbinu nyingine: kundi moja lianze dawa leo, la pili lianze miezi kadhaa baadaye. Kundi la pili lisipolifikia la kwanza, dawa imelinda kitu. Jaribio la ADAGIO la 2009 lilifanya hivyo kwa rasajilini, dawa nyingine ya Parkinson. Miligramu 1 ilifaulu, miligramu 2 ikashindwa. Dawa inayolinda seli kwa dozi ndogo na kuacha kuzilinda kwa dozi kubwa ni vigumu kuieleza. Mwaka 2019 levodopa nayo ilipitishwa kwenye mbinu hiyo, kwa wagonjwa 445. Wiki ya 80 ilipofika, makundi yalikuwa sawa.

Kuna mtego mwingine ambao Parkinson inao kuliko magonjwa mengi. Matumaini yenyewe hutoa dopamini. Mwaka 2001, kule Vancouver, ilionekana kwenye picha kwamba mgonjwa aliyepewa kitu kisicho na dawa, akiamini huenda ni dawa, ubongo wake ulimwaga dopamini ileile iliyopungua. Ndiyo sababu majaribio madogo yasiyo na kundi la kulinganisha, hasa yale ya upasuaji, huleta matokeo ya kupendeza yasiyodumu. Kule Bristol, watu 41 waliwekewa mirija ya kupitisha protini ya GDNF moja kwa moja kwenye ubongo. Waliopata protini walipata nafuu. Waliopata majimaji yasiyo na protini hiyo nao pia.

Eksenataidi, dawa ya kisukari, ndiyo mfano ninaourejea mara nyingi. Mwaka 2017, kwa wagonjwa 60, tofauti ilikuwa alama 3.5 kwa faida ya dawa, ikipimwa baada ya wiki 12 bila sindano. Mwaka 2025, kwa wagonjwa 194 waliofuatwa wiki 96, tofauti ikayeyuka. Hebu fanya hesabu ya jaribio hilo kubwa. Kundi lisilo na dawa lilipanda kwa wastani wa alama 4.5 tu katika wiki hizo zote. Dawa inayopunguza kasi ya ugonjwa kwa theluthi ingeleta tofauti ya alama 1.5, yaani vidole kupunguza kusita kwa mara chache tu. Wakati huohuo, mgonjwa mmoja na mwingine walitofautiana kwa alama 10 na zaidi. Pengo dogo hivyo linamezwa na usingizi mbaya, wasiwasi wa siku ya kupimwa, au dozi ya jana usiku iliyochelewa kuisha mwilini.

Wanyama nao hawasaidii sana. Sumu ya MPTP, iliyogundulika baada ya vijana wa California kujidunga heroini bandia miaka ya mwanzo ya 1980, humwangusha kima kwa siku chache. Ugonjwa wa binadamu huchukua miaka. Dawa nyingi zinazomwokoa kima hazimsaidii mgonjwa.

Halafu kuna suala la nani anaingizwa. Kati ya waliopigwa picha za ubongo mwanzoni mwa ELLDOPA, karibu 1 katika 7 hawakuwa na upungufu wowote wa dopamini. Waliobaki nao wana magonjwa yanayofanana kwa nje tu. Wapo wenye mabadiliko ya jeni ya LRRK2, wapo wa GBA1. Na mwaka 2023 ilionekana kwamba wagonjwa wengi wa Nigeria hubeba badiliko la GBA1 ambalo ni nadra sana Ulaya. Dawa iliyopimwa Ulaya peke yake haitatueleza hao watanufaikaje.

Mwaka huohuo kipimo cha maji ya uti wa mgongo, kinachonasa alfa-sinukleini iliyokunjika vibaya, protini inayorundikana kwenye ubongo wa wagonjwa hawa, kilitambua karibu wagonjwa 9 kati ya 10. Ni msaada mkubwa wa kuchagua watu wa kuingiza kwenye jaribio. Lakini hujibu ndiyo au hapana. Kiasi hakisemi, kwa hiyo ukimpa mtu dawa kwa miaka 2 na kurudia, jibu litakuwa bado ndiyo, na utalazimika kumrudisha kitini agonganishe vidole.