Kumsindikiza somo: yasemwayo kuhusu ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na ukweli wake

Mimi na rafiki yangu tunaitana somo, kwa kuwa jina letu ni moja. Mwaka jana tulikuwa tumekaa barazani kwake, Mtwara mjini, tunamenya ming'oko. Akanitazama kwa muda, kisha akaniuliza, "Mwenzangu, wewe unaitwa nani?" Nikamtajia. Akaweka sahani chini, uso ukamchangamka. "Ala! Mbona hilo ni jina langu!" Akacheka, akanishika mkono kama tumekutana siku hiyo.

Nililia nilipofika kwangu. Tangu hapo nimeambiwa mengi kuhusu maradhi yake. Mengine yametoka kwa watu wanaompenda kwa dhati, lakini si kweli. Septemba tunafanya tena matembezi ya hisani kwa ajili yake na wenzake, na ningependa tutoke tukiwa tumeelewana.

"Ni uzee tu huo."

Kituo kimoja cha afya kilitujibu hivyo, tukarudi na vidonge vya maumivu. Mzee kusahau alipoweka miwani si ajabu. Kuishika miwani asijue ni ya nini, au kupotea katika njia aliyoipita miaka 30, hilo ni ugonjwa. Madaktari huuita demenshia: seli za ubongo zinaharibika na kufa. Aina inayoongoza ni ile iliyopewa jina la Alois Alzheimer, daktari Mjerumani aliyeieleza mwaka 1906. Inachukua kati ya wagonjwa 60 na 70 katika kila 100. Nyingine hutokana na mishipa ya damu ya kichwani, hasa kwa aliyepata kiharusi.

Hapa hapa nchini, wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti waliwapima wazee wa miaka 70 na kuendelea, wakawakuta na ugonjwa huu kama 6 katika kila 100. Wale 94 waliobaki nao ni wazee. Somo yeye ana miaka 66.

"Amechezewa."

Hili linaniumiza kuliko yote. Mgonjwa huweza kuficha pesa, akasahau alipozificha, akamtuhumu mjukuu kwamba kaiba. Huweza kuona watu wasiokuwepo chumbani, au kutoka nje usiku wa manane bila nguo. Jirani akimkuta hivyo, neno la kwanza kumjia ni uchawi, na katika nchi yetu bibi vizee wameuawa kwa tuhuma za aina hiyo. Yote hayo ni dalili zinazojulikana hospitalini. Dua sikatazi. Somo husomewa, na hutulia akisikia sauti anazozijua tangu utotoni. Ninachokikataa ni kumfungia ndani, kumfukiza mpaka akose pumzi, na kuuza korosho za msimu mzima kumlipa mganga.

"Hauna dawa, hospitali mnafuata nini?"

Kweli, dawa ya kuuponya haijapatikana. Lakini kuna maradhi yanayofanana nao na yanatibika: upungufu wa vitamini B12, hitilafu ya tezi ya shingo, sonona. Na mzee akichanganyikiwa ghafla, jana mzima na leo hajui alipo, mpeleke haraka, huenda ni malaria au maambukizi mengine. Mwaka 2024 wataalamu walioandika katika jarida la Lancet walitaja mambo 14 yanayochangia ugonjwa huu. Wakasema yakishughulikiwa yote, karibu nusu ya wagonjwa, 45 katika kila 100, wangeepuka au wangecheleweshwa kuupata. Presha, sukari na sigara zimo. Masikio yasiyosikia vizuri yamo, na upweke pia umo.

"Hakukumbuki, unaenda kwake kufanya nini?"

Jina langu halikumbuki. Lakini nikichelewa anakaa anatazama njia. Mikono yake haijasahau kusuka ukili: ukimpa miyaa anasuka, vidole vinakwenda vyenyewe huku yeye anaongea mengine kabisa. Kaswida anaimba mpaka mwisho.

Jua likianza kuzama ndipo mambo hubadilika. Anajitanda khanga, anatafuta viatu, anasema anakwenda kwao Newala, mama yake anamngoja. Mama yake alifariki zamani. Mwanzoni tulikuwa tunamwambia, "Mama alishakufa," na kila jioni alipokea msiba ule upya, analia kama wa leo. Muuguzi mmoja akatufundisha tuache kubishana naye. Sasa nikimkuta na khanga yake namwambia, "Haya somo, nakusindikiza." Tunatoka. Namuuliza mama yake alikuwa anapika nini, ananieleza muhogo ulivyotwangwa, nani alikuwa akipewa ukoko. Tunapita msikitini, tunawaamkia wauza samaki, tunazunguka mtaa. Tukifika mlangoni kwake anasema, "Karibu ndani, umechoka wewe."

Matembezi yetu ya hisani yalianzia hapo, kwenye mizunguko hiyo ya jioni. Binti yake aliungana nasi, kisha majirani, kisha familia nyingine mbili zilizokuwa zikiwaficha wagonjwa wao.

"Hayo ni mambo ya Wazungu wenye fulana."

Marekani wanatembea hivyo tangu 1989, na washiriki hubeba maua ya rangi mbalimbali: la bluu kwa mwenye ugonjwa, la zambarau kwa aliyefiwa, la manjano kwa anayeuguza. Ni desturi nzuri. Lakini kumsindikiza mtu hatukufundishwa na mgeni. Sisi hatukushona fulana, tulivaa khanga. Doti moja hugawanywa vipande viwili, kimoja cha mgonjwa, kingine cha anayetembea naye. Zaidi ya kupendeza, mgonjwa akipotea njiani anayemwona anajua amtafute nani. Michango hununua pampasi za watu wazima, ambazo ni ghali mno, na nauli za kliniki. Asiye na pesa akimkalia mgonjwa mchana mmoja ili binti aende sokoni, huo pia ni mchango.

"Tutembee sisi, yeye abaki nyumbani."

Hapana. Mwezi wa Septemba dunia nzima huuzungumzia ugonjwa huu, na tarehe 21 ndiyo siku yenyewe. Mgonjwa akibaki amefungiwa siku hiyo, tunatembea kwa ajili ya nani? Tunaanza saa 12:30 asubuhi, jua halijawa kali, kuelekea ufukweni Shangani. Mbele wanakwenda wagonjwa, sisi tunafuata mwendo wao, na atakayetaka kukaa chini ya mkorosho atakaa, tutamngoja. Hakuna ngoma kubwa wala vipaza sauti, kelele huwatisha. Maji yapo, kiti cha magurudumu kipo kimoja. Ukija na mzee wako, mvalishe viatu alivyovizoea, na ukifika kwa somo yangu jitambulishe jina, hata kama mlisalimiana dakika tano zilizopita.