Hifadhi ya mashine pepe kwa seva tatu za Mtwara

Kabla ya kuulizia bei ya diski, jibu swali hili: seva ikizimika saa nne asubuhi, minada ya korosho imepamba moto, ofisi iko tayari kupoteza dakika ngapi za kazi?

Kama dakika 15 zinavumilika, achana na Ceph, mfumo unaounganisha diski za seva kadhaa ziwe hifadhi moja. Seva mbili zenye ZFS (mfumo wa kupanga data kwenye diski) zinatosha, Proxmox (programu inayoendesha mashine pepe, yaani kompyuta za kiprogramu ndani ya seva) ikinakili mabadiliko kila dakika 15, au hata kila dakika ukitaka. Ongeza kompyuta ndogo ya tatu kwa ajili ya kupiga kura tu, kwa sababu seva mbili zikipotezana, hakuna yenye akidi, yaani wingi wa kura unaohitajika kuendelea na kazi. Kwa ofisi nyingi za huku Kusini, hili ndilo ninalolipendekeza.

Kama hata dakika moja haivumiliki, ndipo Ceph inapoingia, na ina masharti. Kila kinachoandikwa huwekwa nakala 3 kwenye seva 3, na mashine pepe haiambiwi “tayari” mpaka nakala zote zifike. Kwa hiyo diski moja ya polepole huwachelewesha wote.

Hapo ndipo wengi wanapoteza fedha. SSD za kompyuta za kawaida hazina kapasita za kulinda data umeme unapokatika, hivyo Ceph inapodai uthibitisho wa kila andiko, kasi yake huporomoka vibaya mno. Nunua za seva, zenye ulinzi huo. Kabla ya kuzipokea, zipime kwa fio, programu ya kupima kasi ya diski: bloku za 4k, foleni ya 1, sync=1 (kila andiko lithibitishwe). Pima diski tupu, maana jaribio hilo hufuta kilichomo.

Mtandao uwe 10Gb. Swichi ya kasi hiyo ikiharibika, nyingine huenda ikabidi itoke Dar es Salaam, kwa hiyo kwa seva tatu napenda kuziunganisha moja kwa moja: kila seva kadi ya milango miwili, jumla kebo tatu. Corosync, sehemu ya Proxmox inayowezesha seva kujuana kuwa ziko hai, ipe mlango wake wa 1Gb. Ukiichanganya na Ceph, siku nakala zinapojengwa upya njia hujaa, salamu za Corosync huchelewa, na seva nzima iliyowekewa HA (mpango wa kuhamishia mashine pepe seva nyingine yenyewe) hujiwasha upya ikidhani imetengwa. Ukiongeza MTU (ukubwa wa juu wa pakiti ya mtandao) hadi 9000, hakikisha kwa `ping -M do -s 8972` kila upande. Ping ya kawaida hupita hata pale mlango mmoja ulipobaki 1500.

Sasa ujazo. Seva 3 zenye SSD 4 za TB 1.92 ni TB 23.04, na kwa nakala 3 unabaki na 7.68. Usizijaze. Diski moja ikifa, data yake hurudishwa kwenye tatu zilizobaki ndani ya seva ileile, kwani seva nyingine mbili tayari zina nakala zao. Ukiwa umefika asilimia 70, hizo tatu zitatakiwa kubeba 93, na Ceph husitisha ujenzi ikifika 90, kisha huzuia kuandika ikifika 95. Ishia asilimia 60, yaani TB 4.6 hivi. Na min_size (idadi ya chini ya nakala ili kuandika kuruhusiwe) ibaki 2. Kuishusha hadi 1 ni kukubali kuandika nakala moja pekee, na diski hiyo ikifa data imekwenda.

Kuna wanaotaka seva mbili zikae Mtwara na moja Lindi. Umbali kwa barabara ni zaidi ya kilomita 100. Mwanga peke yake ndani ya nyuzi hutumia takribani milisekunde 1 kwenda na kurudi, bado vifaa vya njiani, na gharama hiyo inalipwa kwa kila andiko. Nyuzi zikikatwa, Lindi inakosa akidi na kusimama. Weka zote tatu chumba kimoja, kisha peleka chelezo (nakala za akiba) Lindi usiku.

Chumba hicho kifungwe vizuri, maana upepo wa bahari una chumvi na viunganishi hushika kutu. Umeme ukikatika, UPS hubeba seva lakini kiyoyozi huzima, na joto hupanda kabla betri haijaisha. Panga zizimwe mapema: mashine pepe kwanza, kisha `ceph osd set noout` (Ceph isianze kujenga nakala upya), kisha seva moja baada ya nyingine. Zikisharudi zote, usisahau `ceph osd unset noout`.