Vali ya kutolea hewa katika vazi kavu la kuzamia hukaa wapi, na kwa nini

Husemwa mara nyingi, na hata na watu wanaozamia vizuri, kwamba vali ya kutolea hewa huwekwa karibu na bega kwa sababu bega ni sehemu ya juu ya mwili. Kauli hiyo imebeba nusu ya ukweli tu, na nusu iliyoachwa ndiyo humfanya mzamiaji apande kwa kasi asiyoitaka huku akishangaa kwamba vali ameifungua yote.

Vali yenyewe haihitaji maelezo mengi. Vazi kavu huzuia maji yasifike mwilini, na ndani yake hubaki hewa inayosaidia kutunza joto. Mzamiaji anaposhuka hewa hiyo hubanwa, naye huongeza nyingine kwa vali ya kuingizia, ambayo kwa kawaida iko kifuani. Anapopanda hutanuka, na isipotolewa humbeba juu pamoja nayo. Kutoka kina cha mita 10 hadi usoni mwa maji ujazo wake huongezeka maradufu. Vali ya kutolea hupitisha hewa nje bila kuruhusu maji kuingia, na katika mavazi mengi ya siku hizi iko upande wa nje wa mkono wa kushoto, kati ya bega na kiwiko.

Tatizo liko katika hilo neno "juu". Mtu aliyesimama nchi kavu ana sehemu ya juu isiyobadilika, lakini mzamiaji hukaa kifudifudi kwa muda mwingi, na hapo kilicho juu ni mgongo wake. Hewa iliyo ndani ya vazi haijui bega wala goti. Kama kipovu cha pimamaji, hukimbilia popote palipoinuka, na mzamiaji akielekeza kichwa chini itajaa miguuni, mbali kabisa na vali. Kwa hiyo hakuna mahali katika vazi palipo juu daima. Fundi anayefunga vali hatafuti sehemu ya juu, bali anatafuta sehemu ambayo mwenye vazi ataweza kuifanya iwe juu kwa mwendo mdogo na wa haraka. Mkono unafaa kwa sababu kiwiko huinuka na mwili ukageuka kidogo kuelekea kulia bila mzamiaji kuvuruga mkao wake wote. Vali ya kutolea iliyo kifuani humdai asimame karibu wima kwanza.

Hapa ndipo jina "vali ya kujiendesha", ambalo vali hii ya mkononi hupewa, linapopotosha, na kwa maoni yangu limeleta madhara zaidi kuliko uvivu wa mtu yeyote kusoma maelekezo. Vali ya mkononi ina springi, na mzamiaji huizungusha kifuniko chake ili kuilegeza au kuikaza. Inachofanya yenyewe ni kufunguka pale shinikizo la ndani linapolizidi la nje kiasi cha kuishinda springi. Hewa iliyoungana ndani ya vazi ina shinikizo karibu moja mahali pote, ilhali maji ya nje hupungua shinikizo kadiri unavyopanda, takriban milibari 10 kwa kila sentimita 10. Vali iliyo kileleni mwa fungu la hewa lenye kimo cha kutosha itafunguka, lakini ile iliyo chini ya hewa hiyo haitatoa kitu, hata ikilegezwa hadi mwisho. Springi haiwezi kuchukua nafasi ya mkao.

Ukishaelewa hivyo, mabishano ya sentimita chache huwa na maana. Vali iliyopanda mno kuelekea begani hufunikwa na mikanda ya jaketi la kuelea, lile linalotiwa hewa na kuvaliwa juu ya vazi. Iliyosogea mno mbele hutazama chini mzamiaji akiwa kifudifudi. Iliyokwenda mno nyuma hutoa hewa vizuri, ila mkono wa kulia haufiki kuibonyeza inapogoma. Mimi huona afadhali ielekee nyuma kidogo ya upande wa nje, mradi mkono wa kulia uifikie. Mkono wa kushoto huchaguliwa pia kwa sababu bomba la kutolea hewa ya jaketi huwa upande huohuo. Wapo wanaopendelea vali ndogo karibu na kifundo cha mkono, isiyohitaji kurekebishwa: ukiinua mkono, hewa hutoka. Ubaya wake ni kwamba hutoka pia unapoinua mkono kwa kazi nyingine, hasa ukiwa umelisahau jambo hilo.

Basi anayeuliza vali iwekwe wapi asijibiwe "begani" na kuachwa hapo. Avae kwanza vazi la ndani, kwa kuwa unene wake huisogeza mikono ya vazi na kitambaa chake kinaweza kuziba vali kikiwa kimebanwa. Afunge mikanda yote atakayoivaa majini. Alale kifudifudi na kuinua kiwiko cha kushoto huku akijaribu kufikia mahali pa vali kwa mkono wa kulia. Alama ichorwe hapo, kabla tundu halijakatwa.