Paneli za milango ya gari la spoti la zamani: kazi iko nyuma yake

Paneli ya mlango, ule ubao wa ndani unaofunika bati, ikivimba kwa chini, lawama zote huangukia paneli. Mwenye gari hununua nyingine na klipu mpya, anazifunga vizuri kabisa, na mvua zikirudi inajikunja vilevile. Katika kazi yangu ya kufufua magari ya zamani, kila ninapofungua mlango wa namna hiyo huwa natafuta kitu kimoja kwanza: ile nailoni ya nyuma ya paneli. Mara nyingi haipo. Kuna aliyeichana akaiona takataka.

Mlango wa gari umeundwa ulowe kwa ndani. Maji ya mvua huteremka na kioo, hupenya kwenye mpira unaokifuta kioo pale juu, huingia tumboni mwa mlango, kisha hutokea kwenye vitundu vilivyo chini kabisa. Hata mpira mpya hauyazuii yote. Na magari mengi ya spoti ya miaka ya 1960 na 1970, kama MGB ya Uingereza iliyotengenezwa kuanzia 1962 hadi 1980, yana paneli za hadibodi iliyovikwa ngozi bandia. Hadibodi ni nyuzi za mbao zilizoshindiliwa. Ikinywa maji inavimba, tundu la klipu linalegea, klipu inachomoka. Kinachoikinga ni nailoni peke yake.

Kwa hiyo anza na vile vitundu vya chini. Pitisha waya, toa tope na mabaki ya rangi, mwaga maji ndani uone yanatoka. Kisha paka grisi mashine ya kioo, chomeka kwa muda mkono wake wa kuzungushia, pandisha na ushushe kioo hadi mwisho, jaribu kitasa cha ndani, cha nje na ufunguo. Kitu kinachogoma sasa usikifunike.

Nailoni iwe nene na iwe kipande kimoja. Ibandike kwa utepe wa butili, ule mweusi unaonata na usiokauka, kwa sababu siku moja utahitaji kuifungua bila kuirarua. Silikoni naikataa kabisa: ile yenye harufu ya siki hutoa asidi inapokauka na kuchokoza kutu kwenye bati, na ikishapakwa hakuna gundi nyingine itakayoshika hapo. Jambo linalokosewa kuliko yote ni ukingo wa chini. Usiubandike juu ya bati kwa nje. Uchomeke ndani ya mlango, kupitia uwazi wa chini, ili tone linaloteremka na nailoni lirudi tumboni na kutoka kwenye vitundu. Ukiuacha nje, umeyachimbia maji njia ya kwenda kwenye paneli.

Kabla ya kufunga paneli, mwagia kioo maji kwa nje na utazame. Upande wako wa nailoni ubaki mkavu. Jaribio hili halichukui muda, na sijui kwa nini mafundi wengi hawalifanyi.

Paneli yenyewe, hata ikiwa mpya, ipake vanishi mgongoni, kwenye kingo na ndani ya kila tundu, halafu iache ikauke kabisa. Kingo ndizo zinazonyonya zaidi. Paneli mpya nyingi huja bila tundu la mkono wa kioo. Lipime kwa paneli ya zamani, ukate dogo, dogo kuliko kifuniko kitakachokaa juu yake. Na mlango wa pili usiuguse hadi wa kwanza uishe, maana huo usioguswa ndio mfano wako.

Kama paneli ina ukingo wa kuning'inia juu, uning'inize kwanza. Lenga kila klipu kwenye tundu lake kwa macho, kisha gonga kwa kiganja mahali klipu ilipo, si katikati ya ubao. Ikigoma, vuta utazame: mara nyingi mguu wake umepinda. Kulazimisha ndiko kunakong'oa hadibodi.

Skrubu za mshikio zianze zote kwa mkono ndipo uzikaze, na urefu uwe uleule wa mwanzo. Iliyozidi itakwaruza kioo kikishuka au itagusa mashine.

Mkono wa kioo hufungwa mwisho, kioo kikiwa kimepanda juu kabisa. Meno ya ekseli ya mashine ya kioo yanakuruhusu kuchagua pembe, basi chagua ambayo haitagonga goti, na milango yote miwili ifanane. Kwenye mkono wa aina ya pini, sukuma kifuniko kibonyeze springi ya nyuma, linganisha matundu, ingiza pini hadi isichomoze upande wowote. Ukiachia kifuniko, kinarudi na kuizuia isitoke. Kwenye aina ya klipu ya kiatu cha farasi, vesha klipu kwenye mkono kwanza, halafu sukuma hadi usikie ikishika. Shusha kioo polepole hadi chini, kiganja chako kingine kikiwa juu ya paneli: ikitikisika au kukwaruza, kuna skrubu ndefu au nailoni imenaswa, na ni rahisi kufungua sasa hivi kuliko baadaye.